Baada ya Wiki Nane, Nani Ataendelea?

Katika mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, kalenda ya mvuvi wa dagaa ina sehemu mbili tu: giza na mbalamwezi. Usiku wa giza taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi zaidi za sola, dagaa hufuata mwanga na wavu hushushwa. Mwezi ukipevuka taa hupoteza mvuto wake, na mitumbwi hukaa ufukweni kwa siku kadhaa. Ndizo siku za kushona nyavu na kulipa usingizi. Kwa wengi ndizo pia siku za pombe na za mawazo: tajiri mwenye mtumbwi amekata kiasi gani, nyumbani nitume nini, msimu ukiwa mbaya nihamie kambi ipi.

Wanawake wa mwaloni nao wana yao. Mama anayenunua dagaa wabichi alfajiri na kuwaanika mchangani au juu ya chanja anaishi akitazama mawingu. Mvua ya saa moja inaweza kuharibu mtaji wa wiki nzima, na mkopo aliouchukua, ule ambao watu wenyewe wameubatiza kausha damu, hausubiri jua litoke. Usiku mwili unalala lakini kichwa hakilali. Kinapita kwenye rejesho la Ijumaa, ada ya mtoto, maneno ya jirani, kisha kinaanza tena kwenye rejesho.

Mzunguko huo wa mawazo ndio hasa unaolengwa na mafunzo ya uzingativu, ambayo kwa miaka zaidi ya arobaini yamekuwa yakitumika hospitalini katika nchi nyingi. Kinachofundishwa ni rahisi kueleza na kigumu kutenda. Mtu anakaa, anaelekeza akili yake mahali pamoja, mathalani kwenye pumzi au kwenye nyayo zinazogusa ardhi. Baada ya muda mfupi akili inaondoka na kurudi kwenye deni. Anagundua kwamba imeondoka, haikaripii, anairudisha. Inaondoka tena, anairudisha tena. Zoezi lote ni hilo la kugundua na kurudisha. Deni halipungui hata shilingi. Kinachobadilika, kwa anayedumu, ni kwamba anaanza kuliona wazo linapokuja na kulitambua kuwa ni wazo, kabla halijamburuta hadi saa tisa usiku. Asubuhi ana nguvu ya kwenda kuzungumza na mdai badala ya kumkwepa.

Kwa sura yake ya kitabibu, mafunzo haya yalianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, Marekani. Aliyachukua mazoezi ya kale ya watawa wa Kibudha, akayatoa nje ya ibada, akayapeleka kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambao madaktari hawakuwa na jipya la kuwapa. Alipanga kozi ya wiki nane, kikao kimoja kila wiki, na mazoezi ya nyumbani karibu kila siku. Baadaye wanasaikolojia watatu, Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, waliyaunganisha na tiba ya kuchunguza mawazo ili kuwasaidia watu wanaopona sonona kisha ikawarudia.

Ushahidi wa faida zake za muda mrefu ni mzuri kuliko wanavyodhani wanaoyapuuza, na ni wa kiasi kuliko wanavyodai wanaoyauza. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliowafuatilia kwa miezi 24 watu 424 waliokuwa wameugua sonona mara tatu au zaidi. Kundi moja liliendelea na dawa. Jingine lilipewa mafunzo na kusaidiwa na madaktari kupunguza dawa au kuziacha. Sonona iliwarudia asilimia 44 ya waliofunzwa na asilimia 47 ya waliobaki kwenye dawa. Kwa lugha ya mtaani ni sare, lakini ni sare dhidi ya dawa kwa miaka miwili, na hilo si jambo dogo. Asiache mtu vidonge vyake kwa kusoma gazeti. Wale waliopunguza walifanya hivyo chini ya uangalizi wa daktari.

Utafiti unaonivutia zaidi ni wa Norway. Wanafunzi 288 wa udaktari na saikolojia wa Oslo na Tromsø waligawanywa, baadhi wakapewa kozi fupi ya wiki saba yenye jumla ya saa 15, kisha wakafuatiliwa kwa miaka sita, kipindi ambacho wengi wao walitoka darasani na kuingia kazini. Matokeo ya miaka hiyo sita yalitolewa mwaka 2018. Waliofunzwa walikuwa na hali bora ya maisha kwa jumla. Walipopatwa na tatizo walilikabili zaidi na kulikimbia kidogo kuliko wenzao. Wengi wao hawakuwa wakikaa kufanya zoezi rasmi kila siku. Lakini kuna kipengele katika mpango ule ambacho wasomaji wengi hukipita haraka: mara mbili kila mwaka waliitwa tena kwenye kikao cha kujikumbusha. Hawakupewa cheti na kuachwa waende zao.

Kwa maoni yangu kipengele hicho ndicho kinachobeba uzito wote, na ndicho kinachokosekana katika semina nyingi tunazoziona hoteli za Mwanza zikizipokea: siku mbili, posho, picha ya pamoja, kwaherini. Swali letu Kanda ya Ziwa linapaswa kuwa nani atayabeba mazoezi haya wiki ya tisa na mwaka wa tatu, mwalimu akiwa ameshapanda ndege kurudi alikotoka.

Jirani zetu wa Uganda wametupa majibu mawili yanayofaa kusomwa pamoja. La kwanza linatoka kambi ya wakimbizi ya Rhino, mkoa wa West Nile. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandaa kozi ya kujisaidia wakati wa msongo, yenye mazoezi ya uzingativu ndani yake, iliyorekodiwa kwa sauti pamoja na kitabu cha picha. Wanawake wa Sudan Kusini walikaa katika makundi ya watu 20 hadi 30, wakasikiliza kwa Kiarabu cha Juba vikao vitano vya saa mbili mbili. Walioviongoza hawakuwa wataalamu wa saikolojia; walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Utafiti uliohusisha wanawake 694 ulichapishwa mwaka 2020. Mara tu baada ya kozi, dhiki ya moyo ilikuwa imeshuka sana. Miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwapo bado, ila imepungua waziwazi. Nauona utafiti huo kama habari njema yenye onyo ndani: rekodi na kiongozi wa kijijini vinatosha kuanzisha jambo, lakini havitoshi kulidumisha.

La pili linatoka ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Masaka na Rakai. Rakai inapakana na Kagera, na Kasensero, mwalo uliokuwa sehemu yake wakati ule, ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walikotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miongo miwili baadaye vijiji vile vilikuwa na msiba usiokwisha. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walijaribu tiba ya sonona kwa vikundi katika vijiji 30, nusu wakipata tiba na nusu wakisubiri. Haikuwa kozi ya uzingativu, niseme hilo wazi. Ilikuwa ya kuzungumza juu ya msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, wiki 16, dakika 90 kila kikao, wanaume kwao na wanawake kwao, chini ya viongozi wenyeji waliofundishwa wiki mbili. Mwishoni, waliokuwa na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5; upande wa pili walikuwa asilimia 54.7.

Miezi sita baada ya tiba kwisha watafiti walirudi. Waliokuwa na sonona walikuwa asilimia 11.7 dhidi ya 54.9. Nafuu ilikuwa imekaa. Na vikundi vingi vilikuwa bado vinakutana, bila mwalimu, bila posho, bila mtu kuwaagiza. Watu walikuwa wamezoea kuketi pamoja na hawakuona sababu ya kuacha.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya Rhino na Masaka. Sidai kuwa ndiyo sababu pekee, kwa kuwa wakimbizi waliotoka vitani na wanakijiji walio kwao hawalingani. Lakini mwenye kupanga programu ya Mwanza akitoka na funzo moja, litoke hapo: zoezi lipewe watu ambao tayari wana sababu ya kukutana tena wiki ijayo.

Na Mwanza ina watu hao tele. Kuna vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, kila mtaa, Igoma, Buhongwa, Mabatini, hadi juu kwenye nyumba zilizoshika mawe. Kuna jumuiya ndogondogo za Kikatoliki, vikundi vya maombi, madarasa ya akina mama msikitini, vikundi vya wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kliniki za CTC. Tena jambo hili limeshajaribiwa hapahapa. Utafiti wa MAISHA, uliofanywa Mwanza na kituo cha utafiti cha MITU kilichopo katika taasisi ya NIMR pamoja na watafiti wenzao wa London, ulitumia vikundi 66 vya wanawake wakopaji wa fedha ndogondogo. Baadhi ya vikundi vilipewa vikao 10 vya kujadili mahusiano na ukatili wa nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliopata vikao hivyo walipigwa na wenza wao kwa kiwango kidogo kuliko wasiovipata. Kikundi kilichoanza kwa ajili ya marejesho kiliweza kubeba mazungumzo mazito ya ndani kabisa.

Wapo watakaouliza kuhusu dini, na wanastahili jibu la heshima. Asili ya mazoezi haya ni ya Kibudha, hilo halifichwi. Anayetaka kuyapata pamoja na imani hiyo hahitaji kwenda Asia: tangu mwaka 2005 kuna Kituo cha Kibudha cha Uganda huko Garuga, karibu na Entebbe, kando ya ziwa hili, kilichoanzishwa na Bhante Buddharakkhita, Mganda ambaye ni mtawa. Lakini yanayotolewa kliniki hayana sala wala sanamu; ni kuzoeza akili, na Mkristo au Mwislamu hatakiwi kuacha chochote. Mimi naona faida zaidi kwa mwenye dini. Tayari ana saa yake. Anayeamka kwa swala ya alfajiri, au anayesali rozari jioni, hahitaji kutafuta nafasi mpya katika siku yake. Dakika kumi za kukaa kimya zinaweza kufuatana na ibada aliyoizoea miaka yote, na kwa kufuatana hivyo haziachwi kirahisi.

Viongozi wa dini nao wakishirikishwa mapema, mambo huenda. Mwaka 2017 Lancet ilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji 16 vya kanda hii, ambamo viongozi wa makanisa wa vijiji vinane walielimishwa juu ya tohara ya wanaume na mchungaji pamoja na tabibu wakifundisha bega kwa bega. Katika vijiji hivyo vinane asilimia 52.8 ya wanaume waliostahili walitahiriwa, dhidi ya 29.5 katika vinane vingine. Kama mimbari iliweza kulizungumza hilo, basi kukosa usingizi na mawazo yasiyokatika hakutaishinda.

Sasa kuna jambo la hapa kwetu ambalo mwalimu yeyote anayekuja ziwani lazima alijue kabla hajafungua kinywa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wakazikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228, walionusurika 41. Na kati ya misiba hiyo mikubwa kuna mitumbwi isiyoandikwa na gazeti lolote, dhoruba za usiku, kijana mmoja wa kambi, wawili wa kambi ile.

Mwalimu wa kawaida wa uzingativu huanza kwa kusema: fumba macho, sikiliza pumzi yako inavyoingia na kutoka. Mwambie hivyo mtu aliyewahi kutafuta pumzi chini ya kivuko kilichopinduka, au aliyesimama ufukweni siku tatu akisubiri mwili wa mwanawe utolewe. Giza la macho yaliyofumbwa linaweza kumrudisha majini, na kifua kikaanza kubana hapo hapo kikaoni. Hali hii inajulikana kwa wanaofundisha watu waliopitia maafa, na njia za kuiepuka zipo. Macho yabaki wazi. Akili ielekezwe mbali na pumzi: kwenye nyayo zinavyokanyaga jiwe, kwenye sauti za mwaloni, kwenye uzi unaopita vidoleni wakati wa kushona wavu. Zoezi liwe fupi, na kila mtu awe huru kusimama na kutoka bila kuulizwa. Na mwenye picha za maafa zinazomvamia mchana na usiku, anayesikia sauti, au anayefikiria kujiua, huyo si wa kikundi kwanza. Ni wa hospitali kwanza, na Bugando ina idara ya magonjwa ya akili kwa ajili hiyo. Kikundi kitamsubiri.

Nalisisitiza hili kwa sababu naona hamu ya kuyachukua mafunzo haya kama yalivyo na kuyamwaga kila mahali, hasa shuleni. Uingereza walijaribu. Katika mradi mkubwa uliotoa matokeo mwaka 2022, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa shule 84, wengi wa miaka 11 hadi 14, waligawanywa, baadhi wakifundishwa uzingativu na walimu wao darasani. Haikuonekana faida ya kueleweka kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Watoto wengi hawakufanya zoezi nyumbani hata kidogo, na wengine walichoshwa nalo. Somo lililopangwa kwenye ratiba kwa amri ya watu wazima halikugeuka kuwa mazoea ya mtoto. Tusiwaongezee walimu wa Nyamagana na Ilemela mzigo ambao wenzao walioandaliwa vizuri zaidi umewashinda. Vijana wanaweza kufikiwa kwa vijana wenzao: huko Moshi, mradi wa Sauti ya Vijana kwa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI huongozwa na vijana waliowazidi umri kidogo tu, na kupumua kwa utulivu ni mojawapo ya mambo wanayofundishana, kati ya mengi.

Kingine kinachonipa wasiwasi ni utulivu kugeuzwa njia ya kuwanyamazisha watu. Mama wa kausha damu anahitaji usingizi, na pia anahitaji mkopo wenye riba ya kibinadamu. Abiria wa visiwani anahitaji kivuko kisichojazwa kupita kiasi kabla hajahitaji mtu wa kumfundisha kutuliza hofu ya kivuko. Mwajiri wa kiwanda cha samaki anayewaletea wafanyakazi mwalimu wa uzingativu huku zamu ni ndefu na malipo hayaeleweki anafanya kosa, hata kama nia yake ni njema. Ninayatetea mafunzo haya kwa sababu akili iliyopumzika hudai haki yake vizuri zaidi. Waliofunzwa Norway walikabili matatizo. Hawakujifunza kuyavumilia kimya.

Kwa hiyo naipendekeza programu yenye sura ya hapa. Tuifuate kalenda ya ziwa. Vikao viwili kila mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu na wake zao wakiwa na dagaa wachache wa kuanika. Kwa miezi minne ni vikao vinane, sawa na kozi kamili. Kwa wafanyabiashara wa Kirumba na mitaa ya mjini, robo saa mwanzoni mwa kikao cha kikoba, kabla ya sanduku kufunguliwa. Rekodi ziwe za Kiswahili, na za Kisukuma na Kikerewe kwa wazee. Viongozi wachaguliwe na vikundi vyenyewe, wanaume kwao na wanawake kwao pale wanapotaka hivyo, wafundishwe na muuguzi wa akili akishirikiana na mchungaji au shehe, na muuguzi huyo abaki na simu iliyo wazi kwa ajili yao. Kila baada ya miezi sita kuwe na kikao cha kujikumbusha, kama walivyofanya Wanorway.

Gharama kubwa hapo ni mshahara wa muuguzi na nauli yake ya boti. Halmashauri za Ukerewe na Ilemela hutenga kila mwaka fedha za mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na maofisa wa maendeleo ya jamii huvitembelea vikundi hivyo hivyo kukagua marejesho. Safari ipo tayari na watu wameshakusanyika. Nafasi ya muuguzi kwenye boti hiyo ndiyo ya kuombwa, na mwezi wa kuiombea ni ule madiwani wanapoketi kupitisha bajeti.